Ali na Tyson, Waruinge na Nelson: Jinsi ya Kubishania Mabondia Ambao Hawakukutana

Kwa kinyozi Bondeni kule Nakuru, kwenye kibanda cha chai Kondele kule Kisumu, au pale vijana wanaposubiri matatu ijae, mmoja akitaja Mike Tyson mwingine anajibu kwa Muhammad Ali. Nusu saa baadaye sauti zimepanda na hakuna aliyesogea hata hatua moja. Kosa haliko kwenye ubishi. Watu hao wawili wanabishania mapigano mawili tofauti: huyu anamwona Ali akielea raundi 15, yule anamwona Tyson akimaliza kazi kabla watazamaji hawajakaa. Mara nyingi mshindi amejificha ndani ya masharti, na masharti hayajawahi kutajwa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye masharti kabla ya kufika kwenye ngumi.

Mnahitaji daftari, kalamu, simu yenye filamu zilizopakuliwa mapema (bando ikiisha katikati ya raundi, mwenye sauti kubwa ndiye hushinda), na watu watatu wa kuwa majaji. Majaji hao wasiwe wale waliouanzisha ubishi.

1. Chagueni usiku, msichague jina

Jina la bondia mkubwa hubeba miaka kumi au ishirini. Ali aliyemmaliza Cleveland Williams kwa raundi tatu mjini Houston Novemba 1966 alikuwa na miguu ambayo Ali wa Kinshasa, Oktoba 1974, hakuwa nayo tena. Kati yao kuna miaka zaidi ya mitatu ya kufungiwa, 1967 hadi 1970, na raundi 15 za Joe Frazier. Wa Kinshasa naye alikuwa na kitu ambacho wa Houston hakuwahi kuhitaji kukionyesha: uwezo wa kuegemea kamba, kupigwa mbavuni raundi nzima, kisha kumwangusha George Foreman katika ya nane. Vivyo hivyo Tyson. Wa Juni 1988 alimzima Michael Spinks kwa sekunde 91. Wa Juni 2002 aliangushwa na Lennox Lewis katika raundi ya nane.

Kwa hiyo kila upande uandike tarehe, mji na mpinzani. Asiyeweza kutaja usiku bado hana bondia wa kumpeleka ulingoni. Akiwa ni mzee anayesema tu kwamba wa zamani walikuwa moto, msimwambie anadanganya, mwulizeni kwa heshima, "Jaduong', huyo unayemsema ni wa pambano gani?" Hilo ni "mzee" kwa Kijaluo; Nakuru mtasema "mzee wangu", ni yale yale. Akitaja pambano, tayari mmepata kitu cha kuchunguza. Na mara nyingi wazee hukumbuka mambo ambayo filamu fupi za simu zimeyakata.

Tahadhari moja: usiku bora ukutane na usiku bora. Kumleta Ali wa Houston dhidi ya Tyson wa Tokyo, Februari 1990, aliyelala mbele ya Buster Douglas, ni wizi wa mchana.

2. Andikeni masharti kabla ya mtu yeyote kutabiri

Hapa ndipo ubishi mwingi huvunjika, na mapromota walilijua hilo zamani. Sugar Ray Leonard alipokubali kumkabili Marvin Hagler Aprili 1987, upande wake ulimwachia Hagler fungu kubwa la pesa. Wao wakachukua raundi 12 badala ya 15, ulingo mpana wa futi 20, na glavu za aunsi 10. Leonard alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Ukimwuliza shabiki wa Hagler, atakwambia pambano lilipotelea kwenye meza ya mkataba.

Jazeni mistari hii, mmoja mmoja:

*Raundi.* WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, ilishusha mapambano ya ubingwa kutoka 15 hadi 12 mwaka 1983, baada ya kifo cha Duk Koo Kim wa Korea Kusini Novemba 1982, na mashirika mengine yakafuata miaka michache baadaye. Raundi hizo tatu si mapambo. Septemba 1981 Thomas Hearns alikuwa mbele ya Leonard kwenye kadi za pointi za majaji wote watatu. Leonard akamsimamisha katika raundi ya 14. Kwa sheria za leo Hearns angerudi nyumbani na mkanda.

*Uzani na saa ya kupimwa.* Mabondia wa zamani walipimwa siku ya pambano. Wa sasa hupimwa siku moja kabla, kisha hunywa na kula, wakapanda ulingoni wakiwa na kilo kadhaa juu ya kikomo. Mkimchukua bondia wa kilo 66.7 wa leo na wa 1946 bila kutaja mzani, mmempa wa leo zawadi. Chagueni mzani mmoja, uwahusu wote wawili.

*Daraja lenyewe.* Rocky Marciano alikuwa bingwa wa uzani mzito akiwa na kilo 84 hivi. Uzani wa cruiser, daraja lililo chini ya uzani mzito, ulianzishwa karibu na mwaka 1980, na kikomo chake sasa ni kilo 90.7. Maana yake Marciano wa leo asingekuwa mzito kabisa. Anayetaka kumpambanisha na Tyson Fury mwenye zaidi ya kilo 110 aseme wazi kwamba anapambanisha madaraja mawili, au ampeleke Marciano kwa Oleksandr Usyk wa 2018, alipokuwa bado cruiser mwenye mikanda yote. Hilo la pili ndilo pambano.

*Glavu.* Leo ni aunsi 8 hadi kilo 66.7, na aunsi 10 kwenda juu. Enzi za Jack Dempsey hata wazito walivaa ndogo zaidi. Glavu ndogo humsaidia mwenye konde zito na humwumiza mwenye kuziba uso kwa mikono.

*Refa.* Msiliruke hili. Julai 1919 Dempsey alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza, kila mara akimsubiri juu ya kichwa ainuke ampige tena. Baadaye sheria ikamtaka aliyeangusha aende kona ya mbali. Mwaka 1927 Chicago Dempsey huyo huyo alichelewa kwenda, Gene Tunney akapata sekunde za ziada, akainuka na kushinda kwa pointi. Amueni pia refa wenu anavumilia kukumbatiana kiasi gani. Tutaona umuhimu wake kwa Tyson.

*Mahali.* Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,100, Accra iko pwani. Bondia wa kasi anayehema juu juu huchoka tofauti katika miji hiyo mitatu.

Masharti yakishaandikwa yamefungwa. Mtu akianza kusema "lakini kama ingekuwa raundi 15" pambano likiwa katikati, mwambieni afungue ukurasa mpya, pambano jipya.

3. Vipimo, na kosa la mikono

Pauni gawanya kwa 2.2 upate kilo. Inchi zidisha kwa 2.54 upate sentimita. Andikeni urefu, mnyoosho wa mikono, uzani wa usiku ule na umri.

Mnyoosho huwachanganya wengi. Hupimwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, mikono ikiwa imetandazwa, kwa hiyo kifua kimo ndani. Ali alikuwa na sentimita 198, Tyson 180. Tofauti ni 18, lakini hakuna anayepiga kwa mikono yote miwili kwa mstari mmoja. Kwa mkono mmoja tofauti ni karibu 9, upana wa kiganja chako. Bado ni nyingi, ila si ule ukuta unaosemwa. Ongeza kimo: Ali 191, Tyson 178. Tyson anapiga kwenda juu, Ali anapiga kwenda chini, na konde linaloshuka halipotezi umbali sana kama linalopanda.

Na kabla mtu hajasema kwamba mabondia wa sasa ni wakubwa mno kwa wa zamani, wawekeni Ali na Usyk bega kwa bega: kimo 191 wote wawili, mnyoosho 198 wote wawili. Usyk huyo alimshinda Fury mwenye sentimita 206 mara mbili mwaka 2024, Mei na Desemba. Ukubwa ni hoja, lakini ni hoja moja kati ya nyingi.

4. Tazameni filamu kama kocha

Msitumie video za dakika tatu zilizokusanya nokauti. Hizo hazina raundi alizochoka, hazina makonde yaliyokosa. Tafuteni pambano zima, mzime sauti ili mtangazaji asiwaamulie, mchague raundi tatu: ya kwanza, ya katikati na ya mwisho.

Kila raundi itazamwe mara tatu. Mara ya kwanza macho yawe miguuni tu. Je, anapopiga jebu, lile konde la kunyoosha la mkono wa mbele, mguu wa nyuma unafuata au unabaki nyuma? Unaobaki humwacha amenyooka, na aliyenyooka hupatikana kwa konde la kulia. Mara ya pili tazameni mkono wa mbele unaporudi. Wa Ali mara nyingi ulirudi kiunoni, akategemea kuvuta kichwa nyuma. Wa Joe Louis ulirudi shavuni kwa njia ile ile uliyotokea. Mara ya tatu tafuteni dakika aliyopigwa sawasawa, mwone anafanya nini katika sekunde kumi zinazofuata: anakumbatia, anazunguka, au anajibu hapo hapo? Hapa ndipo bondia halisi huonekana.

Filamu za kale zina mtego. Kamera zilizungushwa kwa mkono, picha chache kwa sekunde, na zikichezwa kwa kasi ya kisasa Jack Johnson anatembea kama kuku aliyemwagiwa maji. Watu hucheka na kusema hao hawakujua ndondi. Punguzeni kasi ya video hadi 0.75 kisha mtazame tena. Utaona jinsi Johnson anavyodaka mkono wa mpinzani kabla haujanyooka.

Wengine hawana filamu kabisa. Harry Greb alipigana karibu mara 300 na hakuna hata pambano lake moja lililobaki kwenye filamu. Huyo mheshimuni, lakini kwenye daftari awekewe alama: anahukumiwa kwa rekodi na magazeti tu.

5. Wapinzani wake, kwa mtindo

Rekodi bila majina haisemi kitu. 49 bila kushindwa ya Marciano ni kubwa, lakini Joe Louis aliyempiga 1951 alikuwa na miaka 37. Chukueni wapinzani watano wakali zaidi wa kila bondia, mwandike mtindo wa kila mmoja: mrefu mwenye jebu, mfupi anayeingia, mpiga wa kurudisha, mashoto. Halafu tafuteni yupi alimsumbua, hata kama alishindwa.

Msifanye hesabu ya "A alimpiga B, B alimpiga C". Frazier alimshinda Ali 1971. Ken Norton alimshinda Ali Machi 1973. Foreman aliwafagia wote wawili, Frazier na Norton, kila mmoja kwa raundi mbili. Kwa hesabu hiyo Ali alipaswa kubebwa kwa machela Kinshasa. Frazier na Norton walikuwa wanamwendea Foreman kifuani, pale pale anapotaka. Ali hakuwa na haja ya kwenda.

6. Lipigeni pambano

Gawanyeni raundi 12 katika mafungu matatu ya nne nne. Kila upande una dakika tatu kwa kila fungu, kijiko kikigongwa kwenye glasi amenyamaza. Aseme nini kinatokea na kwa nini, akitaja kitu kilichoonekana kwenye filamu. Majaji wajaze 10-9, yaani 10 kwa aliyeshinda raundi na 9 kwa mwenzake, au 10-8 mtu akianguka, kadi zifunikwe hadi mwisho. Jaji akionyesha kadi yake mapema, wenzake humfuata. Binadamu ndivyo tulivyo.

Tuchukue Ali wa Novemba 1966 na Tyson wa Juni 1988, raundi 12, ulingo wa futi 20, glavu za aunsi 10. Fungu la kwanza ni hatari kwa Ali. Tyson wa usiku ule anaingia kwa kuchezesha kichwa, anapiga mbavu kisha kichwa, na silaha yake ni "huku" (hook), konde la kupinda, la kushoto. Ali aliangushwa na huku ya kushoto na Henry Cooper Juni 1963, akaja kuangushwa nayo tena na Frazier. Anayemtetea Tyson asitoke kwenye hoja hiyo. Ndiyo hoja yake bora.

Kuanzia raundi ya tano kibao kinageuka. Bonecrusher Smith na Tony Tucker walifika naye raundi 12 mwaka 1987, Smith kwa kumkumbatia usiku mzima. Ali alikuwa bingwa wa kukumbatia, anashika shingo na kuiinamisha. Hapo ndipo sharti la refa linapoamua. Refa anayeachia, Ali anashinda wazi kwa pointi au anamsimamisha Tyson raundi za mwisho. Refa anayekata pointi na kutenganisha haraka, Tyson anapata nafasi za karibu mara nyingi zaidi. Kwa refa wa wastani hukumu yetu ni Ali mara saba kwa kumi. Andikeni hivyo, mara ngapi kwa kumi. "Angemuua" si hukumu.

Mjue pia kwamba mashine haiwatoi kwenye kazi hii. Ali na Marciano walirekodiwa mwaka 1969 wakiigiza pambano ambalo kompyuta ilidaiwa kuliamua, likaonyeshwa Januari 1970. Wamarekani walimwona Marciano akishinda kwa nokauti ya raundi ya 13. Ulaya walionyeshwa mwisho mwingine, Ali akishinda. Mashine iliyojua mtazamaji anakaa wapi!

Pambano la kwetu: Waruinge na Azumah Nelson

Mkitaka kuona masharti yanavyobeba mshindi, wekeni hawa wawili kwenye kilo 57. Philip Waruinge, kijana wa Nakuru, mji wenye ukumbi wake wa ndondi uitwao Madison Square Garden, alitwaa shaba Mexico City 1968. Nusu fainali aliipoteza kwa Antonio Roldán, mwenyeji, aliyeishia na dhahabu. Hata hivyo Kombe la Val Barker, la bondia mwenye ustadi kuliko wote kwenye Olimpiki hiyo, alikabidhiwa Mkenya. Munich 1972 akaongeza fedha. Nelson wa Ghana alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola Edmonton 1978. Julai 1982 akaitwa ghafla kumkabili bingwa Salvador Sánchez katika ile Madison Square Garden nyingine, ya New York, akasimamishwa raundi ya 15 baada ya kumtoa Sánchez jasho. Desemba 1984 alimwangusha Wilfredo Gómez raundi ya 11 na kuchukua mkanda wa WBC.

Ukurasa wa kwanza: raundi tatu za dakika tatu, ridhaa, majaji watano, Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu. Waruinge. Alizoea hewa nyepesi, alikuwa na kasi ya mikono, na katika dakika tisa Nelson hapati muda wa kuvunja mbavu. Kadi iwe 4-1.

Ukurasa wa pili: raundi 12 za kulipwa, pwani. Nelson, na si kwa tofauti ndogo. Yeye alikuwa akikolea kadiri usiku unavyosonga. Waruinge aliingia ndondi za kulipwa huko Japani akiwa amekaribia miaka 30, na alipopigania ubingwa wa dunia mwaka 1976 hakuupata. Mtu wa Nakuru atauma meno; mwamba ngoma huvutia kwake. Anayo njia moja halali: ataje usiku wa Waruinge wa kulipwa unaoonyesha akimaliza raundi za mwisho akiwa na nguvu, auonyeshe.

Wapo pia Dick Murunga na Robert Wangila, wote uzani wa welter: Murunga na shaba yake ya Munich, Wangila na dhahabu ya Seoul 1988 aliyoipata kwa kumzima Laurent Boudouani wa Ufaransa raundi ya pili. Hapo sharti la kwanza ni kichwa. Munich walipigana vichwa wazi, Seoul walivaa kinga. Vueni au vaeni, lakini wote wawili.

7. Kufunga daftari

Kadi zifunuliwe kwa pamoja, hukumu iandikwe chini ya masharti yake, na tarehe. Dau lisizidi chai na mandazi. Pesa zikiingia hakuna jaji atakayekubali kuketi wiki ijayo. Ukurasa hufunguliwa tena kwa sababu mbili tu: imepatikana filamu ambayo majaji hawakuiona, au sharti mojawapo limebadilishwa na pande zote mbili zimekubali. Aliyeshindwa ndiye huchagua jozi inayofuata, na aliyeshinda huchagua ulingo.